Wifi Kajinyima Likizo

Shoga, nimetoka na wifi ofisi ya hifadhi ya jamii, mbavu sina!

Si unajua tangu aanze kulima nyanya anajichangia mwenyewe, ili akijifungua apate mafao ya uzazi? Leo, tumbo hilooo, kaenda kuyaomba.

Karani kamuuliza, "Mwajiri wako amekupa likizo?"

"Mwajiri ni mimi."

"Haya, umejipa?"

"Nimejinyima! Nyanya zimeiva."

Nyanya zimeiva, shoga! Mbele ya karani!

Karani kavua miwani. "Mama, mafao haya ni ya anayepumzika. Ukiendelea kuchuma, hupati."

Wifi kalitazama tumbo lake. Halafu: "Basi nimejikubalia."

Saa hizi kakaa kivulini, miguu juu ya ndoo, anamhimiza kaka achume haraka. Kaka kauliza likizo yake yeye ni lini.

"Ukizaa."