Nyanya ya Njano Yenye Utepe Mwekundu

Bibi,

Shikamoo. Umande bado haujakauka. Nimekaa bustanini juu ya ndoo yako iliyopinduliwa, daftari magotini.

Nina kosa la kukiri. Siku ya msiba wako, akina mama wa mtaani walipokosa kiungo cha mboga, waliingia hapa wakachuma nyanya zote za njano. Hata ile uliyoifunga utepe mwekundu, ili iachwe ilainike kwa ajili ya mbegu. Niliiona ikipita kwenye sinia. Ningewanyimaje waombolezaji nyanya moja? Lakini ilikuwa mbegu uliyotoka nayo Usoke ulipoolewa, imefungwa kwenye pindo la khanga, nami niliiacha ichemke sufuriani.

Nikawa nakuota. Unatembea kwenye njia ile ya zamani ya misafara, ungo kichwani, huna haraka. Nikikuita, unageuka, unatabasamu, unaendelea.

Baada ya arobaini, Mama alitaka masizi ya jikoni yasafishwe. Nilipobandua kalenda kuukuu, nyuma yake nikakuta mbegu za nyanya zimekaukia, mistari mitatu uliyoipaka kwa kidole. Hukuandika jina hata moja, Bibi! Wewe ulizijua kwa macho.

Nikaotesha zote. Kiangazi chote nilizimwagilia maji ya kuoshea mchele. Zikazaa, zote za njano, zote zinafanana kama watoto wa mama mmoja. Ikabaki ladha tu ya kuitambua ile ya Usoke.

Jana asubuhi nilimwita Babu. Tangu uondoke alikuwa hagusi nyanya. Anakula ugali kwa maziwa, basi. Nikamfunga macho kwa kitambaa chako cha kichwa. Akaulizia chumvi. Nikamjibu kwa maneno yako: "Nyanya isiyojitetea bila chumvi, wape kuku." Akacheka. Bibi, alicheka.

Ya mstari wa kwanza ilikuwa tamu kama papai, utamu unaokwisha ukishameza. Babu akasema, "Hii imekuja kusalimia tu, haikai."

Ya pili ilikuwa na ukali wa ukwaju. Mimi niliipenda. Yeye akakunja uso: "Hii inafoka kama shemeji yangu!"

Ya tatu mwanzoni haikusema kitu. Halafu utamu ukaja polepole, na nyuma yake uchachu kidogo, na mwisho kabisa harufu ile ya majani ya mnyanya inayobaki vidoleni. Harufu ya mikono yako ukinifunga vifungo vya sare asubuhi.

Babu alitafuna muda mrefu. Hakuondoa kitambaa.

"Mjukuu wangu," akasema, "huyu ndiye mwenyewe." Kisha akanyoosha mkono aongezwe.

Nimelichagua tunda bora kabisa la mche ule, nimelifunga utepe niliouchana kwenye khanga yako nyekundu. Nimewaambia majirani wote, mlango kwa mlango, hapa Kanyenye: hili haliguswi, hata kuwe na msiba.

Likilainika nitakamua mbegu. Nusu zitarudi Usoke kwa treni, kwa ndugu zako. Nusu nitazipaka nyuma ya kalenda mpya, na pembeni nitaandika jina lako, ili asiyezijua kwa macho asipotee kama mimi.

Lala salama, Bibi. Jua limeufikia utepe. Naenda kuchota maji.

Mjukuu wako,
Nyamizi