Gunia la Mzee Masanja

Jumamosi usiku, Tabora

Eti "muziki wenye heshima". Mzee Masanja ndiye kasema hivyo leo, kwenye sendofu ya mjukuu wangu, alipomfokea DJ azime singeli aweke disko la zamani.

Masanja huyuhuyu. Enzi za ujana wetu alikuwa akisimama na mkasi mlangoni mwa disko, anatukata bugaluu kwa sababu miguu ya suruali ilikuwa mipana kupita maadili ya taifa. Kanda zetu za disko alizitia kwenye gunia, akasema anakwenda kuzichoma.

Nilipompa shikamoo aliitikia, kisha akaanza kuwasema vijana: "Suruali zimewabana, hata chupa ya soda haipiti." Kumbe pana ni uhuni, na ya kubana ni uhuni. Uzalendo una inchi ngapi, sijui.

Disko likapigwa. Mzee akaacha fimbo kwenye kiti, akacheza, kila mdundo anaujua kabla haujafika. Anacheza kunishinda, na hilo ndilo limeniuma.

Wimbo ulipoisha akamwambia DJ, "Sasa weka ule wa upande wa pili."

DJ hajawahi kushika kanda, hakumwelewa. Mimi nilimwelewa. Gunia letu halikuchomwa.