Tata, Maji Haikuchemka

Tata,

Treni inakuja kesho. Banasema vile tangu juma mbili, lakini leo bamepita na karatasi, bameandika majina yetu bote. Kwa hiyo nakuandikia sasa, mbele ya kuondoka. Barua hii nitaiweka pa kaburi lako kando ya reli, na jiwe juu yake. Soma yote, hata kama katikati itakuumiza.

Tangu tulikuzika, gare, hii stesheni ya treni, imejaa batu bengine. Karibu yetu ameikala Mama Odia, mujane mwenye kuongea kutoka asubuhi mupaka jua inaingia. Alifika kisha kilio chako kuisha. Hakukuona hata siku moja. Sasa juma iliyopita ananiuliza, "Ngalula, ule muzee wenu mwenye kusafisha pua nyuma ya hema, hapati nafuu?" Nikasema, muzee gani. Akasema, "Si ule anamwaga maji polepole, halafu anapuliza mara tatu, na ya mwisho inapiga kelele sana."

Mara tatu, Tata. Nilikuwa na sahani mukononi, nikaiweka chini.

Kesho yake, wakati jua inatoka, nikasikiliza. Nikasikia maji inadondoka. Nikasikia unapuliza ya kwanza, ya pili, na ile ya tatu yenye batu ba kwetu Musonoi balijua nayo kama saa ya kazi imefika. Nikazunguka hema. Hakuna mutu. Udongo ulikuwa mukavu kila pahali, ila pale chini, kiasi cha kopo moja, palikuwa pamelowa. Nikagusa. Maji ilikuwa vuguvugu.

Sikukimbia. Mi binti yako, ningekimbia wapi. Lakini nilijua umekuja kuuliza nini.

Unakumbuka ile miaka uliendesha kamio, ile lori kubwa ya mawe, pa shimo la madini la Mashamba, vumbi inakuingia mupaka kichwa kinakuuma juu ya macho, na vidonge havisaidii. Muganga mumoja mwanamuke alikufundisha maji na chumvi. Ukaifanya kuwa dini. Maji ichemke mupaka itoe mapovu makubwa, ifunikwe, ipoe yenyewe mupaka kidole kivumilie. Chumvi, nusu ya kijiko kidogo pa kopo kubwa. Halafu unaionja. "Ikuwe kama machozi," unasema, "ikizidi itakuchoma, ikipungua itakuchoma vilevile." Kichwa pembeni, kinywa wazi, ile birika ndogo ya chai pa tundu ya juu, na maji inatokea pa tundu ya chini. Mi nacheka. Unaniambia, "Cheka tu, na wewe uko na pua." Na kila siku neno lile moja: maji mabichi haiingii mu kichwa ya mutu.

Tata, siku zile nne za mwisho za kusafisha pua, maji nilikupa haikuchemka.

Makaa ilikuwa imeisha. Gare yote hakukuwa hata kijiti, batu balikuwa banachoma viatu. Ilibaki mbao moja tu: mulango. Wakati bale bijana benye kufukuza batu ba kabila yetu balikuja kutuambia turudi kwetu Kasai, kule babu zetu balitoka, wewe mwenye kuzaliwa Musonoi, mwenye hujaona Kasai hata pa picha, uling'oa mulango ya nyumba na bawaba zake, ukaibeba pa mugongo mupaka hapa. Ukasema, "Nyumba bachukue. Mulango nitaifunga mi mwenyewe kule." Tulilala juu yake. Ningeipasua namna gani? Nikachota maji ya mufereji, nikatia chumvi, nikaiweka pa jua ipate moto kidogo, nikakuambia, "Imechemka, Tata, imepoa."

Uliionja. Ukaniangalia. Ukasema, "Iko muzuri, mwanangu." Ukaimwaga mu pua.

Siku ya tano homa ikakushika, shingo ikakauka, ukaanza kuniita na jina ya Mama. Hapa gare batu banakufa na homa kila siku, hakuna mwenye kuuliza. Bote balisema ni mateso. Mi nikalia nabo, maji sikuitaja. Sijui kama ni maji. Hakuna muganga wa kuniambia ni maji, na hakuna wa kuniambia hapana.

Tangu siku ile sikugusa birika. Na Kapinga, mujukuu wako, pua imeziba juma mbili, sababu ya vumbi na moshi. Analala kinywa wazi, anasema sikio inauma. Anaomba, "Mama, nifanyie kama Kambo," vile anakuita wewe babu yake. Mi nakataa.

Leo asubuhi nikaazima shoka kwa Mama Odia, nikapasua mulango. Maji ikachemka, nikaiacha ichemke tena wakati wa kusali Baba Yetu mara mbili. Nikaifunika, nikaingojea. Nikaonja. Machozi kabisa. Mbele nimwambie Kapinga kitu, aliinamisha kichwa pembeni mwenyewe, akafungua kinywa, na shavu lake likabonyea kidogo, kama kuko mukono unamushika. Maji ikapita. Akapuliza mara tatu. Nikamuuliza nani amekufundisha. Akaangalia nyuma yangu, akacheka.

Sikugeuka, Tata. Niliogopa, na tena sikutaka uondoke.

Sasa ubaki muzuri. Bawaba nimezifunga mu kitambaa, ziko mu muzigo. Nakuahidi, maji ya mutoto huyu itachemka kila siku, hata nikichoma kitanda. Na sitamwambia mutu tena imechemka kama haijachemka. Yale macho uliniangalia nayo, ninaenda nayo. Kama ulijua siku ile, basi uliimwaga ili unifichie haya, na ulinisamehe mbele nikuombe. Kama haukujua, sasa unajua.

Mutoto wako,
Ngalula