Usingizi Uliotuachia

Mama,

Nyambura wako, binti yangu, ametimiza miaka saba. Tangu tukuzike kule Kuresoi mambo yamegeuka. Vurugu zilitutoa shambani, sasa tunaishi Lanet, chumba kimoja, na alfajiri nauza maziwa. Viazi vyako sijui nani alivichimba.

Ila nakuandikia kwa sababu ya mtoto. Jua likizama tu anasinzia na tonge mkononi. Saa tisa usiku yuko macho, ameketi kitandani anajiimbia polepole. Akina mama wa kanisa wamesema alipopewa jina lako alipewa pia ile roho yako ya usingizi. Wanataka nimpeleke kesha la Ijumaa aombewe.

Niliogopa, Mama. Nilikumbuka makesha yale, wewe umeinamia benchi, wao wanakumwagia maji usoni, wanakusimamisha, wanakemea pepo. Na kulipokaribia kucha, wao walipoanza kusinzia, wewe ndiye uliyewapikia chai. Njiani kurudi nyumbani ukaniambia, "Imani yangu ni ndogo, mwanangu. Niombee."

Ulikufa ukiamini hivyo. Hilo ndilo linaloniuma.

Nikampeleka mtoto kwa daktari mjini. Hakumpa dawa. Aliuliza tu ni nani mwingine kwetu hulala mapema hivyo. Nikakutaja wewe. Nikamtaja Guka, baba yako, aliyekuwa akila chakula cha jioni jua bado linawaka. Kisha akanitazama.

"Na wewe?"

Nikamwambia mimi pia hulala mapema. Miaka yote hii nilidhani kazi ya maziwa ndiyo iliyonizoesha.

"Mwili uko na saa yake," akasema. "Yenu inakimbia mbele. Mnarithi tu, vile mtu anarithi pua. Hakuna pepo hapo."

Hakuna pepo, Mama. Nililia mbele ya mtoto, akanipangusa kwa kiganja. Laiti ungelisikia neno hilo moja kabla hujaenda.

Ijumaa nitaenda kesha peke yangu, niwaambie mapema alichosema daktari, kabla usingizi haujanichukua. Nitaanza na jina lako. Wakinimwagia maji, wacha wamwage. Nyambura atakuwa kitandani kwake na hataguswa na mtu. Hiyo ni ahadi yangu kwako.

Kwaheri, Mama. Imani yako haikuwa ndogo. Lala mapema upendavyo, hakuna atakayekuamsha.

Mwanao,
Kariuki