Hapo Sijashiba

Baba,

Tangu asubuhi inanyesha ile mvua nyembamba uliyokuwa ukisema haina haraka kwa sababu ni mwenyeji wa hapa. Nimekaa mezani jikoni, upande wako, kwa kuwa upande wangu Tusekile ametandaza vitabu vyake na hataki kuvisogeza. Nimefurahi kuvikuta pale. Nitakueleza kwa nini, ila nianzie mbali kidogo, maana hukupenda habari inayoanzia mwishoni.

Malkia amezaa ndama jike, mweusi, mwenye doa jeupe shingoni. Jirani yetu Baba Neema hutuletea majani ya ng'ombe bila kuombwa. Ndiyo, yule yule aliyekuwa akipita barabarani na kupaza sauti, "Baba Atu, siku hizi hata nguo unaanika wewe? Kesho utavaa kanga!" Nawe ukamjibu huku umeng'ang'ania ndoo, "Nikitaka kuvaa nitakuja kuazima ya mkeo, yangu haijakauka." Nilikuwa kidato cha kwanza. Nilitamani ardhi inimeze. Sasa nikikumbuka nacheka peke yangu, halafu sicheki tena.

Mama alipofariki, kila mtu hapa Mpuguso alijua kazi zake zingemwangukia nani. Binti mkubwa. Maji, kuni, jiko, ng'ombe, na mdogo wangu Tusekile, aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Wewe hukupinga mbele za watu. Ulingoja wageni wa msiba waondoke, ukaniambia, "Kazi tutafanya wote. Na shule tutasoma wote."

Nilidhani ni maneno ya kunifariji. Kesho yake ulichukua kipande cha mkaa ukaandika ratiba nyuma ya mlango wa banda la ng'ombe. Historia, wakati wa kumenya ndizi, kwa sababu ni hadithi na hadithi inataka mikono iwe na shughuli. Biolojia, wakati wa kukamua. Jiografia, tukienda kukata majani. Kemia, jikoni. Hisabati peke yake ukaipa meza na kimya, na wewe ukaenda kuosha vyombo nje ili visinipigie kelele.

Baba, uliishia darasa la saba, na masomo yetu karibu yote yalikuwa kwa Kiingereza, lugha usiyoijua. Hukujifanya unaijua. Hukushika daftari langu na kutikisa kichwa kama wazazi wengine. Ulisema, "Mimi nilikuwa shambani, wewe ulikuwa darasani. Sasa nihadithie kwa Kinyakyusa kilichotokea huko." Nami nikahadithia. Nilipofika mahali ambapo nilikuwa nimekariri tu, ulipajua, sijui kwa njia gani. Labda sauti yangu ilikuwa inakimbia. Ungeacha kukamua, ungeniangalia, ungesema, "Hapo sijashiba. Ongeza."

Nilipokosa cha kuongeza, nililibeba swali lako shuleni kesho yake nikamuulize mwalimu. Nikirudi na jibu, nikakueleza mpaka likakutosha, ulifuta mikono kwenye suruali ukasema, "Nimeshiba. Ndaga fijo." Asante sana, kana kwamba nimekupakulia chakula.

Unakumbuka siku ya volkano? Nilikuwa nimekariri milima ya nchi za mbali, majina magumu, na jinsi uji wa moto unavyopanda kutoka chini. Ukauliza kama hapa karibu hakuna mlima wa namna hiyo. Nikasema hakuna. Hapo hukushiba. Mwalimu aliponiambia kesho yake kwamba Mlima Rungwe, huu tunaouona kila ukungu unapofunguka, ni volkano, nilikimbia njia nzima kuja kukuambia. Ulisimama na mundu mkononi ukautazama kama mtu aliyegundua jirani yake ni ndugu. Ukasema, "Kumbe miaka yote tumelala juu ya jiko." Asubuhi iliyofuata nilikuona uwanjani umevua kofia, unausalimia.

Na ile siku ya kikao cha wazazi! Wenzako waliuliza kuhusu chakula cha shule na sare. Wewe ukanyoosha mkono ukasema, "Mwalimu wa Biolojia, kuna ile habari ya maharage kurudisha mbolea kwenye udongo. Binti yangu amenieleza vizuri, ila kwa nini maharage na siyo mahindi? Hapo sijashiba." Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Mwalimu alicheka pia, halafu akachukua chaki akakuchorea mizizi. Tangu siku hiyo nilipopita korido walimu waliniuliza, "Baba yako ameshiba leo?" Ndivyo nilivyofika chuo, Baba. Nataka ulijue hilo. Sikufika kwa akili ambayo wengine hawakuwa nayo. Kila nilichosoma nilijua jioni kuna mtu ana njaa nacho.

Sasa nije kwa Tusekile.

Ulipoondoka alikuwa ameanza kidato cha tatu. Mimi nilikuwa nimesharudi kukuuguza, nikapata kazi ofisi ya ushirika wa maziwa pale Tukuyu, na nikaona nimeachiwa jambo moja tu ambalo sipaswi kulikosea. Nilitengeneza ratiba ofisini, nikaichapa, nikaibandika chumbani kwake. Nilimwondolea kazi zote. Nilimnunulia taa ya sola. Nilikaa pembeni yake nikawa namweleza kila kitu, Historia, Kemia, Uraia, hata kabla hajauliza. Alikuwa anasema, "Sawa, Dada." Hilo tu. Sawa, Dada. Na matokeo ya muhula yakaja mabaya, na yaliyofuata mabaya zaidi, na kitabu cha Biolojia hakukifungua kabisa.

Baba Mdogo alikuja, akakaa hapa hapa. "Atu, mwanangu, huyu anaangalia daftari kama anayeangalia mvua. Mpeleke Kiwira kwa Mama Zuhura akajifunze cherehani. Nikirudi likizo ikiisha unipe jibu." Hakusema kwa ubaya. Mama Zuhura ni fundi mzuri na mcheshi, na ushonaji si adhabu. Lakini Tusekile alikuwa amekaa mlangoni anasikia, na hakusema ndiyo wala hapana. Hilo ndilo lililonitisha. Mtoto wako, aliyekuwa anabishana nawe mpaka maziwa yanamwagika, hakuwa na la kusema juu ya maisha yake mwenyewe.

Halafu siku moja nilitoka kazini mapema. Nilipofika uani nikasikia sauti bandani. Nilidhani ana mgeni. Nikasimama nje na mwavuli unachuruzika, nikasikiliza. Baba, alikuwa anamkamua Malkia na kumweleza kwa Kinyakyusa jinsi umeme unavyopita kwenye waya. Alieleza kidogo, akanyamaza. Kisha, kwa sauti nzito, kwa sauti yako kabisa, akasema, "Hapo sijashiba." Na akaanza upya.

Sijui nilisimama muda gani.

Nilikuwa nimempa kila kitu ila kile ulichonipa wewe. Nilimpa mtu anayejua. Alihitaji mtu asiyejua, anayetaka kujua kweli. Nikaingia, nikachukua kigoda, nikasema, "Niambie mimi. Ng'ombe huyo hata akielewa hatasema."

"Wewe? Si wewe ndiye msomi, Dada?"

"Fizikia niliiacha kidato cha pili. Huo umeme unapitaje kwenye waya mzima, na waya hauna tundu?"

Alinitazama aone kama namtania. Sikumtania. Sikuwa najua, na nilikuwa nimeishi na taa miaka yote hiyo bila kujiuliza. Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tukuzike. "Dada, kumbe wewe mweupe kabisa!" Ndiyo, nikasema, mweupe, haya anza.

Ratiba yangu niliitoa ukutani. Ya kwako bado inasomeka nyuma ya mlango, mkaa umefifia tu kwenye Kemia. Tukarudi kwenye ndizi, kwenye majani, kwenye jiko. Somo moja baada ya lingine likarudi nyumbani kama kuku jioni. Isipokuwa Biolojia. Nilipoigusa alinyamaza, na safari hii sikumweleza chochote. Niliendelea kumenya. Tukafika ndizi ya mwisho kwenye sinia ndipo akasema.

Alisema kwamba wiki ile ya mwisho, miguu yako ilipovimba na daktari akatuambia ni figo, ulimwita akueleze figo ni nini. Akakueleza kwamba ni chujio, kama la chai, na sasa limeharibika. Ukafikiri. Ukamuuliza, chujio likiharibika si linapitisha vyote? Sasa maji yanabakije mwilini? "Hapo sijashiba, mama. Kaulize kesho."

Akaenda shule kesho yake. Aliuliza. Alirudi na jibu. Alikuta viti vimeshatolewa nje.

Mtoto huyu alikuwa amebeba jibu lako muda wote huo, Baba, na hakuwa na mahali pa kulitua.

Jumamosi iliyopita Baba Mdogo alikuja kutaka jibu, kama alivyoahidi. Kabla hajakaa, Tusekile akamwambia, "Baba Mdogo, karibu, lakini tuanzie kwa Baba." Tukaenda hadi migombani kwenye kaburi lako, sisi watatu, chini ya miavuli miwili. Akasimama upande wa kichwa. Akaanza kwa Kinyakyusa.

Alisema, "Baba, nilikosea. Siyo chujio. Ni watu wanaochambua maharage. Wanamwaga yote kwenye ungo, mazuri na mabaya, kisha wanaokota mazuri mwili uyarudishe, na takataka zinatupwa nje na maji yaliyozidi. Mle ndani wachambuaji ni wengi mno, wadogo mno. Wale wa kwako walikuwa wanakufa kidogo kidogo, nasi hatukujua. Ungo ukakosa watu. Ndiyo maana maji yalibaki."

Akamaliza. Mvua tu juu ya majani ya migomba. Nilimwona anavyongoja, na nilijua anangoja neno gani, na ya kuwa aliyezoea kulisema hayupo. Baba Mdogo alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa koti. Nilitaka kusema nimeshiba. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nikamwangalia usoni, nikaona kwamba neno hilo lingefunga kitabu.

Nikasema, "Hapo sijashiba. Ongeza. Hao wachambuaji waliobaki, wenzao wakifa, wanafanyaje?"

Akageuka, ameshangaa. Akafikiri. Halafu akatabasamu huku machozi yanamtoka, kwa kuwa alilijua jibu.

"Wanaongeza kazi, Dada. Wanakuwa wakubwa kuliko walivyokuwa."

Baba Mdogo alitangulia kurudi nyumbani. Mlangoni akakung'uta mwavuli, akasema, "Mwambieni Mama Zuhura cherehani isubiri likizo." Halafu akaomba kisu, akasaidia kumenya ndizi, na Tusekile akamhadithia Historia mpaka zikaisha.

Sijui atafauluje kidato cha nne. Wewe hukuwahi kuniuliza nitafaulu vipi, uliniuliza nimesoma nini leo. Basi hilo ndilo ninalokuahidi. Kila jioni nitakaa kwenye kigoda chako na nitakuwa na njaa ya kweli, hata kwa yale ninayodhani nayajua. Na siku Malkia akiwa na mkamuaji mwingine, mtoto wangu au wake, mlango ule tutaupitishia mkaa upya.

Ndaga fijo, Baba, kwa maji uliyochota, kwa nguo ulizoanika watu wakikucheka, kwa kila mahali uliposema hujashiba. Pumzika. Ananiita bandani, anasema leo ni zamu ya mawimbi ya sauti, na mimi sijui hata yanaanzia wapi.

Binti yako,
Atupele