Soketi ya Katikati

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana nimemdanganya mwanangu na Jumamosi anakuja.

Mke wangu Zlatka aliugua tangu Februari, akawa analala chumba cha nyuma penye jiko la kuni, na binti yetu Vesela, anayehudumia wazee huko Zaragoza, alikuwa anapiga simu ya video kila Jumapili, lakini mtandao wa simu haushiki huku milimani, na waifai yetu iko chumba cha mbele na kuta ni za mawe, kwa hiyo nikifika mlangoni kwa mgonjwa sura ya mtoto inaganda, na Zlatka anaitazama hivyohivyo, anasema bado ni mzuri. Vesela akatuma kifaa cha kuchomeka ukutani, kinachopokea mtandao na kuusukuma mbele. Nikakichomeka chumbani kwa Zlatka, kikawasha taa nyekundu, nikabadilisha soketi, nyekundu tena, nikamwambia Vesela ni kibovu.

Si kibovu. Mimi huandika shajara, na ya Machi 2 inasema: "Nimesoma karatasi. Kinatakiwa katikati, mahali mtandao bado una nguvu. Katikati ni kwa Gancho." Gancho ni ndugu yangu. Tuligawana nyumba ya baba, yeye akapata chumba cha kati, mimi cha mbele na cha nyuma, na hatujasemeshana miaka kumi na moja kwa ajili ya mti wa kokwa za jozi alioukata.

Zlatka aliniambia, "Stoicho, muombe. Soketi moja tu, si figo."

Nikamjibu heri nijenge mnara wa simu. Alifariki Machi 27. Jumamosi ni arobaini yake, na Vesela ananiuliza kama mama yake alimwona vizuri hata mara moja. Nimjibu nini?

Stoicho

Stoicho, pole sana. Lakini usinitafute nikupunguzie kosa. Karatasi uliielewa, ukaiandika kwa tarehe, kisha ukachagua ugomvi wa mti. Zlatka alitia utani ili usione aibu kuomba, nawe ukamrudishia utani.

Mwambie Vesela kwamba mama yake aliitazama sura iliyoganda na kuisifu. Hilo ni kweli, na ni haki yake kulijua. Kisha mpe shajara asome mwenyewe Machi 2. Akikasirika, usijitetee. Akienda kulala kwa jirani, mbebee begi.

Kabla ya hapo, Ijumaa, ukishachemsha ngano ya kuwagawia watu kwenye arobaini, chukua bakuli moja na kile kifaa, ukapige hodi kwa Gancho. Vesela atarudi kazini, nawe utabaki peke yako nyuma ya kuta hizo. Gancho akifungua, usianze na mti. Mwambie alichokuomba Zlatka: soketi moja tu.