Filimbi ya Kurudi Mstarini

Mjukuu wangu Editha,

Marahaba. Hapa Ntobeye hatujambo. Bibi yako anapukuchua maharage. Unaniuliza kama ufute vipimo vyako vya maabara, vinavyoonyesha sumaku hazirudi zote, kwa kuwa mwalimu wako anadai: "Ukizigeuza sumaku ndogo za atomu, lazima zirudi zilikoanzia. Zisiporudi, mpimaji ni mzembe." Nakataa!

Miaka ile wakimbizi walipotujia kutoka Burundi, shuleni Mugoma, mwalimu wa gwaride alitupanga mstarini. Kila mmoja alitembea kwa mwendo wake. Filimbi ikilia, tuligeuka na kurudi kwa mwendo uleule, na wote, wa haraka na wa taratibu, tulifika mstarini pamoja. Kisha watoto wa wakimbizi wakajiunga nasi, uwanja ukajaa, tukawa tunagongana. Tuligeuka vilevile, lakini mstari haukurudi. Aliyeyumba kidogo alimyumbisha jirani, na kadiri filimbi ilivyochelewa ndivyo tulivyozidi kuvurugika.

"Wazembe!" mwalimu akafoka.

Domitila, msichana aliyetoka Burundi, akamjibu: "Mwalimu, miguu tumeigeuza. Na kule kugongana, tukugeuzeje?"

Tuliangua kicheko. Mwalimu akatia filimbi mfukoni.

Sumaku zako nazo zinasukumana. Hesabu inaruhusu zirudi, lakini kosa dogo la moja huzifikia zote. Ndiyo maana ishara yao hufifia kadiri unavyochelewa kuzigeuza, na kufifia huko ndiko ulikokupima.

Basi Editha, usifute kitu. Na wewe mwalimu wake, akikusomea barua hii, chelewesha kuzigeuza sumaku, kila mara zaidi, upime kwa mkono wako, ndipo umwite mjukuu wangu mzembe.

Babu yako